Ukiitwa Itika

Mwanza, 27 Mei 1958

Mama Limi,

Tumsifu Yesu Kristu. Tumefika Mwanza salama, na anayekuandikia bado ana meno yake yote, ingawa lori la kutoka Segese lilijitahidi kuyang'oa. Nilimpakata Limi njia nzima ili matuta yanipige mimi. Tuliposimama Tinde aliona kuku wa mwenye hoteli, akataka kumfukuza. Hakufika mbali. Midomo ikageuka rangi ile tunayoijua, akachuchumaa katikati ya njia kama afanyavyo siku zote, akihema. Nami nikachuchumaa kando yake, nikajifanya natafuta kitu nilichodondosha, ili watu wasimtazame yeye. Baadaye akaniuliza kama nimekipata. Nikasema ndiyo.

Treni anasema aliipenda sana, ingawa alilala tangu Shinyanga mpaka tulipoliona ziwa.

Uliniomba nikueleze safari ilivyopangwa ili uifuate ukiwa jikoni. Padri amenikaririsha kama katekisimu. Kesho tunapanda ndege ndogo hapa Mwanza. Nairobi tunashuka, tunakaa katika ukumbi mkubwa, tunangoja mpaka tuitwe, ndipo tunapanda ndege kubwa. Khartumu ndege inatua kunywa mafuta, sote tunashuka, kisha tunairudia ileile. Roma Sista Mechtilda atakuwa mlangoni na jina letu kwenye karatasi. Daktari wa moyo atakuwepo mpaka mapema Julai, kisha anahama nchi, na hakuna ajuaye kama atarudi. Na daktari wetu wa misheni alivyosema unakumbuka: kwa tundu lile la moyo, Limi haoni masika mengine. Basi ni ndege hii.

Mama yangu naye alinipa katekisimu yake. Asubuhi ile wewe ukifunga mizigo, alinivuta nyuma ya ghala, akaniapisha kwa jina la kaka yangu Mihayo. Alinisimulia upya, kana kwamba sikukulia ndani ya habari ile: alikuwa anatwanga, mchana mweupe, sauti ikaita kutoka ndani ya mtama, "Mihayo," naye Mihayo akaitika "Naam," akaingia kwenye mtama, na mpaka leo kilichorudi ni fimbo yake tu. Akaniambia: mtoto huyu akiitwa na sauti ambayo huuoni mdomo wake, usimruhusu aitike, na wewe usiitike kwa niaba yake. Anayeitika ndiye anayechukuliwa.

Nilicheka. Nilimwambia, Mama, huko ninakokwenda hakuna mtama. Hakucheka. Basi nikaapa, kwa sababu dereva wa lori alikuwa anapiga honi, na kwa sababu ni mama yangu.

Ombea ndege. Mimi kazi yangu ni winchi ya mgodini, nimezoea kushusha watu chini. Kupandishwa juu na mtu mwingine sijazoea.

Mumeo,
Selestine


Nairobi, 29 Mei 1958

Mama Limi,

Usishtuke kuona naandika kutoka Nairobi. Ndege kubwa ilijaa. Watu walikuwa wengi kuliko viti, na sisi tukabaki. Hayo hutokea. Wametuambia viti vingine viwili vitapatikana Jumatano ya tarehe 18 Juni, basi tunangoja. Hata mgodini Geita tunangoja zamu.

Acha nikueleze mazuri. Ndege ndogo ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga, lakini Limi alishika kidole changu akatazama nje, akaniambia ziwa limekuwa dogo, linaenea kwenye beseni. Kiwanja cha Nairobi ni kipya, kinanuka rangi. Sakafu inang'aa mpaka Limi alikataa kuikanyaga na viatu, akavivua, akavishika mkononi. Ukuta mzima ni kioo. Wamo Wazungu, Wahindi, Waarabu, na hata masista weusi wawili kutoka Uganda. Mtu anaweza kukaa kando yako mchana kutwa asikusalimie. Chai yao ni nzuri, wanaileta na sukari pembeni ujiwekee mwenyewe. Sisi tulikaa karibu na mlango.

Tunalala katika nyumba ya misheni, kwa Bruda mmoja mzee anayejua Kiswahili. Mji una askari kila pembe kwa sababu ya ile hali ya hatari yao, na mtu mweusi asiye na karatasi anapandishwa kwenye lori bila kuulizwa mara mbili. Karatasi zetu nimezishona ndani ya koti. Siendi mbali na geti.

Limi hajambo. Anakula. Ila tangu jana haulizi maswali kama kawaida yake.

Usimwambie Mama kwamba tumekwama.

Mumeo,
Selestine


Segese, 4 Juni 1958

Baba Limi,

Milele amina. Barua zako mbili zimefika pamoja. Katekista Donatus kazileta kwa baiskeli, akipiga kengele tangu kisimani, kama ajuavyo nyumba hii inavyotaka. Alizunguka mpaka mbele, akajionyesha uso, ndipo akapiga hodi.

Ya kwanza nimeisoma nikacheka. Ya pili nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, na sikucheka. Wewe ukisema kweli huwa unasema kwa ufupi. Ukidanganya unaleta na chai. Mwaka ule kamba ya winchi ilipokatika uliniandikia kurasa nzima juu ya mpira wa miguu kati ya Geita na Mwanza, nikajua kuna watu wamekufa. Sasa umenieleza sakafu, umenieleza kioo, umenieleza sukari.

Viti vile misheni ilivilipia tangu Kwaresima. Tiketi niliishika kwa mkono wangu huu, ina jina la mwanangu. Lori la Kahama linaweza kumpa mtu mwingine nafasi yako ukienda kukojoa. Ndege sidhani. Niambie kilichotokea.

Na kwa nini Limi haulizi maswali? Mtoto yule anauliza hata akiwa usingizini.

Mama anajua. Sikumwambia neno, alinitazama tu nikisoma. Akasema, "Wameitwa." Tangu siku hiyo hali chakula nami jikoni. Anachukua sahani yake anakaa uani, uso ameelekeza kwenye mtama ulio nyuma ya nyumba. Umekauka, umepita wakati wa kuvunwa, na upepo ukiupiga unaongea wenyewe. Upande wa barabarani nimeuvuna na wanawake wenzangu. Ule wa nyuma amekataa usiguswe. Anasema ukikatwa hatutajua kilichomo kimehamia wapi.

Naogopa, Selestine. Unajua mimi jina lako silitaji ovyo. Niandikie kweli, na uandike upesi.

Mkeo,
Klara


Nairobi, 9 Juni 1958

Mama Limi,

Basi, umenishika. Ndege haikujaa. Iliondoka na viti vyetu viwili vitupu.

Tulikuwa tumekaa kama tulivyoagizwa, tunangoja kuitwa. Mimi nilidhani atakuja mtu. Mwanza alikuja mtu, akasimama mbele yetu, akatugusa bega, akasema twendeni. Hata treni ina mtu wake mwenye kofia. Kazini kwangu ndiyo kabisa, hatuitani majina. Kengele ikilia najua nishushe au nipandishe, na kule chini mtu akisikia jina lake linaitwa kutoka kwenye njia iliyokufa, isiyochimbwa tena, hageuki. Wazee wa shimoni wanakuambia siku yako ya kwanza, kabla hata hujapewa taa. Kwa hiyo nilikaa nikitazama mlango, nangoja mtu.

Ikaita. Haikutoka mlangoni, ilitoka juu, kutoka kwenye ukuta, sauti ya mwanamke, baridi, haina haraka. Ilisema maneno ya Kizungu, kisha ikasema, "Limi Selestine." Ilianza na yeye, kwa kuwa yeye ndiye mgonjwa na ndiye aliyeandikwa juu. Nikatafuta mdomo. Niliwatazama watu wote ukumbini, mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa anasema. Wengine walikuwa wanasoma magazeti. Ikaita tena, "Limi Selestine," na safari hii ikaongeza na jina langu.

Klara, redio naijua. Ipo kwenye klabu ya mgodi, naisikiliza kila Jumamosi. Lakini redio haijawahi kulitaja jina la mwanangu.

Nilimfunika kwa koti. Nilimkumbatia kichwa nikaziba masikio yake, na moyo wake nikausikia unavyokwenda, ule moyo wake, unakimbia na kujikwaa. Ilituita mara ya tatu ikanyamaza. Kisha tukaiona ndege kupitia kioo, imegeuka, inakwenda. Mtu wa kiwanja alikuja baadaye akatukuta pale pale, akauliza tulikuwa wapi. Nikasema tulikuwa hapa.

Limi akaniambia, "Baba, walikuwa wananiita mimi." Nikamwambia si wewe. Tangu hapo haniulizi kitu.

Bruda nilipomsimulia alicheka mpaka akafuta miwani, kisha akaniona uso, akaacha. Kesho yake alinirudisha kiwanjani mpaka kwenye chumba kidogo chenye dirisha, nikamwona msichana mwenyewe anayesema, ana kikombe cha chai na sweta ya kijani. Ni mtu. Nimemwona. Akili yangu imekubali. Lakini nikikumbuka sauti ile, siikumbuki na sweta. Naikumbuka inatoka ukutani, inamtaka mwanangu.

Tarehe 18 itaita tena. Sijui miguu yangu itafanya nini. Ingekuwa inaniita mimi peke yangu ningeitika na liwalo na liwe. Na kuna jambo jingine. Kabla sijamfunika, Limi mwenyewe alikuwa amekwisha kuziba mdomo wake kwa mikono miwili. Mimi sikumfundisha hivyo. Nani alimfundisha?

Juzi amepanda ngazi za misheni akachuchumaa mara mbili. Zamani angechuchumaa mara moja.

Niambie tuje nyumbani au twende. Ukisema tuje, tutakuja, na sitakulaumu.

Selestine


SIMU YA MAANDISHI
Imepelekwa kutoka Shinyanga, 14 Juni 1958

SELESTINE NKWABI NYUMBA YA MISHENI NAIROBI
MSOMEE LIMI. UKIITWA ITIKA. MAMA


Shinyanga, 14 Juni 1958

Baba Limi,

Simu itakukuta, barua hii sijui. Nimemwomba Bruda kwenye bahasha aipeleke Roma kama mmeshaondoka. Nilipofika kwenye mmeshaondoka nilisimamisha kalamu, lakini nimeandika.

Nimekuja na lori la pamba. Nimekaa hapa nje ya posta, mwenye kupeleka simu amenihesabia maneno akaniuliza kama sitaki kuongeza salamu. Nikamwambia hayo yanatosha.

Aliyemfundisha ni mimi. Asubuhi ile Mama alipokuvuta nyuma ya ghala, mimi sikuwa nafunga mizigo. Nilikuwa nimesimama upande wa pili nasikia. Halafu nilipomnyanyua Limi kumpandisha kwenye lori nikamnong'oneza: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, ziba mdomo. Mimi niliyesoma kwa masista, ninayefundisha wanawake sala Jumapili. Nilijua hutafuata, wewe ni mtu wa kucheka. Nikamwekea mtoto hofu yangu mfukoni kama karanga za njiani, ale mbele ya safari.

Unaniuliza mje au mwende, kana kwamba mimi ndiye mwenye kengele. Umekasirisha moyo wangu kwa hilo, nakuambia wazi. Ungetaka nikuambie mje, ili siku akifumba macho uwe ulitii. Nami nilitaka wewe uamue, ili niwe nililia tu. Basi nimeamua. Akiitika, huenda akachukuliwa kama Mihayo. Asipoitika, moyo wake utamchukua hapo hapo alipo, amechuchumaa kwenye ngazi, na hautamwita kwanza.

Nilimwambia Mama kabla sijaondoka. Sikutaka nije kwa kujificha. Alikuwa anapepeta. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, akaendelea kuupepeta mtupu. Kisha akasema kwa Kisukuma, "Mimi nilimsikia akiitika. Wewe hujasikia mtoto wako akiitika kitu kile." Tangu hapo hajasema nami. Alfajiri nikiondoka hakutoka.

Usimshike masikio tena. Mwambie Limi ni mimi niliyemfundisha kuziba mdomo na ni mimi ninayemfundisha kuufungua. Na umwambie walikuwa wanamwita yeye. Usimdanganye mtoto kwa jambo alilolisikia mwenyewe.

Wako,
Klara


Roma, 22 Juni 1958

Mama Limi,

Tuko Roma.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua utalitafuta. Barua yako ilinikuta asubuhi ya safari, Bruda aliniletea akikimbia. Simu ilikuwa imefika siku tatu kabla, nami nilikuwa nimemsomea Limi kila akiamka na kila akilala. Nilimwambia na lile uliloagiza, kwamba walikuwa wanamwita yeye. Akasema, "Nilijua." Halafu akauliza ni nani anayeita, anakaa wapi, analala saa ngapi, ana watoto, na kwa nini hashuki. Maswali yamerudi, namshukuru Mungu, nimechoka.

Tulikaa pale pale. Nilichagua mahali pengine lakini yeye akaniongoza pale pale. Nilijiambia nitasimama mara moja. Ikaita. "Limi Selestine." Na miguu yangu, Klara, miguu hii inayosimama kwenye winchi zamu nzima, ilikataa. Sikuweza. Jasho lilinitoka hadi kwenye viatu.

Limi akasimama. Alikuwa ameshika viatu mkononi. Akatazama juu ukutani akaitika, "Abee." Kwa sauti, kama anavyokuitika wewe akiwa uani nawe uko jikoni. Ukumbi mzima ukageuka. Mzungu mmoja alishusha gazeti. Naye akangoja kidogo, ungedhani anangoja aambiwe aliloitiwa, kisha akanishika kidole akasema, "Baba, twende, nimeshaitika." Akanivuta. Nilikwenda kwa kuwa alikuwa ananivuta.

Njia nzima mpaka kwenye ngazi za ndege nilikuwa namtazama kama bado yupo.

Khartumu tulitua jua likichomoza, joto limekwisha kuamka kabla ya watu. Sote tulishushwa tukapewa maji ya machungwa. Sauti ya hapo ilisema Kiarabu na Kizungu, sikuelewa hata moja, na jina letu haikulitaja. Nikaona heri nimfuate mtu. Mbele yetu ndegeni alikaa bwana mmoja mwenye kofia pana, nikaifuata kofia kama ndama anavyofuata mkia. Alipoinuka nikainuka, akapanga mstari nikapanga. Tulikuwa karibu kutoka mlangoni Limi akasema ndege ile si yetu, yetu ina mstari wa bluu. Mfanyakazi mmoja, Msudani mrefu, alitazama tiketi zetu, akasema "Kairo, Kairo," akionyesha kofia, na "Roma" akionyesha upande mwingine kabisa. Akamwona Limi midomo ilivyo. Hakutuonyesha kwa kidole, alimbeba, nami nikawa nakimbia nyuma yao juani, namwona mtu nisiyemjua anakimbia na mwanangu. Alimweka juu ya ngazi, akarudi. Sikumwambia hata asante, sikuwa na lugha yake.

Sista Mechtilda alikuwa mlangoni na karatasi.

Sasa nikuambie la kweli, kwa ufupi, kama unavyotaka. Watampasua tarehe 2 Julai. Watamlaza usingizi wa dawa. Watausimamisha moyo, mashine ifanye kazi yake, washone tundu, kisha wauanzishe. Daktari amesema wengi huamka. Hakusema wote. Nilimuuliza kwa kupitia Sista, mtajuaje kama amerudi? Akasema, tutamwita. Tutakaa kando yake tutamwita jina mpaka aitike.

Nikamwambia Limi. Ukiwa kule usingizini, ukisikia unaitwa, hutamwona anayekuita, itakuwa giza. Akasema, "Nijifanye ni kule Nairobi?" Nikasema ndiyo, jifanye ni kule.

Mimi hawataniruhusu kuingia. Nitakuwa nje ya mlango, Klara, sitasikia kama ameitika.

Mwambie Mama kwamba Limi anamsalimu. Mwambie kwa uso, hata kama hasemi nawe.

Selestine


Segese, 5 Julai 1958

Baba Limi,

Simu yako imefika. Ngoja nikueleze ilivyofika, kwa sababu nikianza kwingine nitalia na wino utaharibika.

Barua yako ya Roma niliipata Jumatatu. Nilimsomea Mama yote, na lile la kusimamisha moyo, na lile la kuita. Alikuwa amenipa mgongo. Nilipofika kwenye "Abee" aliacha kusokota kamba. Sikumwona uso.

Tarehe 2 tulikaa uani sote wawili, hatukulima, hatukupika. Tarehe 3 vilevile. Jana mchana, jua la utosi, tulikuwa tunapukuchua mahindi. Upepo ulikuwa umelala. Ndipo ikaita kutoka nyuma ya nyumba, kutoka ndani ya mtama. "Mama Limi."

Sikutambua sauti ya nani. Ilikuwa imekauka, imechoka. "Mama Limi. Mama Limi." Mtama ulikuwa unatikisika mahali pamoja tu.

Mimi niliyekupelekea simu. Mimi niliyekukaripia. Meno yangu yalijifunga, Selestine, nikashika gunzi mkononi sikuweza hata kuliachia. Nilifikiri: sauti ya daktari haikumpata kule, hii imekuja kuniambia. Nilifikiri nikiitika nitakuwa nimekubali.

Mama ndiye aliyesimama. Unajua magoti yake yalivyo, hakutafuta fimbo. Akaitika. Mwanamke ambaye tangu nimeolewa sijamsikia akimwitika hata jirani kabla hajamwona. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, "Niko hapa. Ni mimi. Nichukue mimi, nimekula dunia, mwache mtoto." Na akaenda. Akaingia kwenye mtama moja kwa moja, ukamfunika.

Hapo miguu yangu ikafunguka. Nilimfuata nikipiga kelele sijui kelele gani.

Alikuwa Donatus. Baiskeli ilipasuka tairi mbele ya kisima, akaitupa, akakata njia mbio kwa kupitia shambani, hana kengele, hana pumzi. Amesimama katikati ya mtama, vumbi mpaka kwenye nyusi, karatasi iko juu mkononi. Alisahau desturi ya nyumba hii kwa kuwa alishaisoma, na hakuweza kungoja afike mbele. Akanisomea pale pale: LIMI AMEITWA. AMEITIKA. SELESTINE.

Nikakaa chini. Nilimwambia asome tena, akasoma. Amesema misheni wameipigia kengele.

Mama alimsonya Donatus. Akamwambia mtu mzima huwezi kuzunguka nyumba, unaita watu kama mzimu. Nilidhani atarudi nami uani, lakini alimpita Donatus akaenda mbele kidogo, kule mtama ulikozidi kuwa mnene. Akasimama, akaweka mkono mdomoni, akaita, "Mihayo."

Jina hilo hajalitaja kwa kuliita tangu siku ile, ameniambia baadaye. Alikuwa analisimulia tu. Aliita mara tatu, polepole, na kila akiita alikuwa anainamisha sikio. Mimi na Donatus hatukusogea. Niliogopa asiitikiwe na niliogopa aitikiwe, sijui lipi zaidi.

Palikuwa kimya. Akangoja muda ambao mtu humngojea mtoto aliye mbali akichunga mifugo. Kisha akageuka akasema twendeni, Donatus ametoka mbali na hajala.

Leo asubuhi ametoa mundu mwenyewe. Tumeanza kuvuna upande wa nyuma.

Mkeo,
Klara